Moto wa Hatua Mbili: Gesi ya Prodyusa katika Matanuri ya Kemikali

Jiwe haligeuki chokaa mpaka lifike nyuzijoto 900 hivi. Silikati ya sodiamu, ambayo watengenezaji wa sabuni ya mche huitia ili kipande kiwe kigumu na kisiishe upesi, hupatikana mchanga na magadi vikiyeyushwa pamoja kwenye nyuzi 1,300 hadi 1,400. Magadi yenyewe huokwa kwanza ili yaachie maji na kaboni dayoksaidi. Hizi ni kemikali za msingi zisizo na siri kubwa ya kitaalamu, na bei ya kila moja hutegemea sana bei ya joto. Kiwanda kilicho mbali na bomba la gesi asilia mara nyingi hununua joto hilo kama mafuta mazito yaliyovuka bahari. Pipa likipanda bei sokoni, tanuri hulipa wiki ileile.

Kila mafuta yanapopanda, wazo la zamani hurudi mezani: kiwanda kijitengenezee gesi yake papo hapo kutokana na makaa ya mawe, kuni au mabaki ya mimea. Gesi hiyo, gesi ya prodyusa, iliendesha matanuri ya Ulaya kwa karibu miaka mia moja, na katika India na China imeendelea kutumika hadi karne hii. Wanaoiuza mitambo yake huisifu kwa unafuu. Wanaoipinga huikumbuka kwa lami, maji yenye sumu na watu waliokufa kwa kuivuta. Pande zote mbili zina ushahidi.

Maoni yangu ni kwamba tofauti hiyo inaanzia kwenye ujenzi. Palipobuniwa prodyusa na tanuri kama mtambo mmoja, gesi hii imefanya kazi kwa miongo mingi. Pale ambapo prodyusa ilinunuliwa kama pipa la mafuta ya bei rahisi na kufungwa kwenye tanuri lililokuwepo, gharama iliyookolewa kiwandani ililipwa na wafanyakazi na majirani. Ili kuona kwa nini, inabidi kuanza ndani ya prodyusa yenyewe.

Kaboni inayoungua mara mbili

Prodyusa ni tangi la chuma lililojengewa ndani matofali ya kuhimili moto, likajazwa makaa au vipande vya kuni kwa kina kirefu. Hewa kidogo, mara nyingi iliyochanganywa na mvuke, huingizwa kwa chini. Kwenye tabaka la chini kaboni huungua kuwa kaboni dayoksaidi na kutoa kilojuli 394 kwa kila moli. Gesi hiyo ya moto ikipanda hukuta makaa mekundu bila oksijeni iliyobaki, ikachukua kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksaidi. Badiliko hili la pili humeza kilojuli 172. Mvuke nao, ukipita kwenye makaa yaleyale, huvunjika kuwa haidrojeni na kaboni monoksaidi, na humeza kilojuli 131. Kwa hiyo mvuke hufanya kazi mbili: huhifadhi joto la ziada kama haidrojeni itakayoungua baadaye, na hupoza kitanda cha makaa ili majivu yasiyeyuke na kugandamana kuwa mawe yanayoziba njia ya hewa.

Ukichukua kaboni safi na hewa kavu, hesabu ni hii: asilimia 28 ya joto lote hutoka ndani ya prodyusa, na asilimia 72 hubaki kwenye kaboni monoksaidi ikisubiri kuungua tanurini. Karibu kila uamuzi wa kiufundi unaofuata unahusu hiyo asilimia 28. Gesi ikipelekwa tanurini ingali moto, sehemu kubwa ya joto hilo husafiri nayo, na tanuri huweza kupata asilimia 85 hadi 90 ya nishati iliyokuwa kwenye makaa. Ikipozwa kwanza ili isafishwe, joto hilo huishia kwenye maji ya kuoshea, na kinachofika tanurini ni asilimia 70 hadi 80.

Gesi inayotoka kwa kawaida ina asilimia 20 hadi 30 ya kaboni monoksaidi, 10 hadi 18 ya haidrojeni, methani kidogo, na naitrojeni karibu nusu au zaidi. Naitrojeni imeingia pamoja na hewa. Haiungui, ila hupashwa joto na kutoka nalo kwenye dohani. Kwa sababu yake mita moja ya ujazo ya gesi hii hubeba megajuli 4 hadi 6.5 tu, ilhali gesi asilia hubeba 36 hivi. Hii ni gesi dhaifu, na anayeitumia lazima aanze kwa kulikubali hilo.

Jinsi gesi dhaifu ilivyoyeyusha kioo

Prodyusa za mwanzo zilijengwa Ujerumani, ambako Gustav Bischof alikuwa na yake mwaka 1839. Zilibaki kitu cha kando mpaka ndugu wawili wa familia ya Siemens, Friedrich na William, walipoziunganisha na wazo jingine. Mwaka 1856 Friedrich alipata hataza ya tanuri linalorudisha joto. Moshi wa tanuri, kabla ya kwenda dohani, ulipitishwa kwenye chumba kilichojaa matofali yaliyopangwa kwa nafasi. Matofali yakishashika moto, njia iligeuzwa: hewa baridi ikaingia kupitia chumba kile, ikabeba joto na kulirudisha tanurini, wakati moshi ukipasha chumba cha pili.

Makaa yalipochomwa moja kwa moja, majivu na masizi yalichafua njia na kuziba vyumba. Suluhisho lilikuwa kuyageuza makaa kuwa gesi kwanza, nje ya tanuri. Mwaka 1861 mpango huo ulikuwa ukifanya kazi katika kiwanda cha kioo karibu na Birmingham, na tarehe 20 Juni 1862 Michael Faraday aliufanya kuwa mada ya mhadhara wake wa mwisho wa Ijumaa jioni kwenye Royal Institution, London. Mwaka 1865, huko Sireuil, Ufaransa, Pierre-Émile Martin aliyeyusha feleji kwa tanuri la aina hiyohiyo.

Ushindi huo una sababu ya kifizikia ambayo bado ina maana leo. Gesi ya prodyusa iliyo baridi ikiungua na hewa baridi, mwali wake hauzidi sana nyuzi 1,600 hata kwa hesabu ya karatasini, na tanurini hushuka zaidi. Haitoshi kuyeyusha kioo au silikati kwa kasi. Lakini gesi na hewa zote mbili zikipashwa hadi nyuzi 1,000 kabla ya kukutana, mwali hupanda kwa mamia ya nyuzi. Gesi asilia haiwezi kupashwa hivyo, maana methani huvunjika na kuacha masizi kwenye matofali. Gesi ya prodyusa hustahimili. Udhaifu wake ukawa na fidia: tanuri la Siemens lilikuwa na vyumba vinne, viwili vya hewa na viwili vya gesi, na vyote vilirudisha joto.

Kuna hesabu nyingine inayosahaulika mara nyingi. Kwa nishati ileile, bomba la gesi ya prodyusa lazima lipitishe ujazo mara saba hivi wa ule wa gesi asilia. Wengi hudhani kwamba moshi nao utaongezeka mara saba, na tanuri halitauweza. Sivyo. Gesi asilia huhitaji karibu mita 10 za hewa kwa kila mita ya gesi. Gesi ya prodyusa huhitaji karibu mita moja tu, kwa kuwa kiasi kikubwa cha hewa yake kiliingia tayari kwenye prodyusa. Ukijumlisha, moshi wa kila megajuli huzidi ule wa gesi asilia kwa robo au theluthi moja. Kwa hiyo bana (vichomea gesi) na mabomba ya gesi lazima yawe mapya na mapana, lakini dohani na mwili wa tanuri huhitaji marekebisho ya wastani. Anayebadilisha tanuri la mafuta bila kulijua hili huweza kutupa fedha pasipohitajika, au kuacha bana nyembamba zinazoinyonga gesi.

Mond, amonia na njia ya Magadi

Mtu aliyeifikisha gesi hii kwenye moyo wa viwanda vya kemikali alikuwa Ludwig Mond, Mjerumani aliyehamia Uingereza na kuanzisha kampuni na John Brunner huko Winnington, Cheshire, mwaka 1873. Walitengeneza magadi ya kiwandani kwa njia ya Solvay, ambayo huzungusha amonia ndani ya mitambo na kupoteza kidogo kila mzunguko. Mond aliona kwamba makaa ya mawe yana naitrojeni, na kwamba prodyusa ya kawaida huivunja kwa joto kali amonia inayotokana nayo. Akaingiza mvuke mwingi kupita kiasi, karibu tani mbili na nusu kwa kila tani ya makaa, ili kitanda kibaki na joto la chini na amonia isivunjike. Kila tani ya makaa ilimpa kilo 40 hivi za salfeti ya amonia, mbolea iliyokuwa na bei nzuri. Gesi yenyewe ikawa karibu bure. Mwaka 1901 Bunge la Uingereza liliruhusu kampuni kuisambaza gesi ya Mond kwa mabomba kwa viwanda vya Staffordshire ya kusini.

Kampuni hiyohiyo, Brunner Mond, ndiyo iliyoichukua Kampuni ya Magadi Soda ya Kenya mwaka 1924, kabla ya kuingia ndani ya shirika la ICI mwaka 1926. Leo kiwanda cha Magadi kiko chini ya Tata Chemicals. Katika Ziwa Magadi hakuna haja ya amonia, kwa kuwa chumvi ya trona imeshatengenezwa na ardhi. Kazi iliyobaki ni kuiosha na kuioka, kwenye joto la chini sana kuliko la chokaa.

Hesabu ya Mond haikudumu. Njia ya Haber na Bosch ya kutengeneza amonia kutoka hewani ilianza kiwandani Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, na baada ya hapo amonia ya prodyusa haikuweza tena kulipia mtambo mkubwa na mvuke wote ule. Baadaye mafuta na gesi asilia vikamaliza kazi. Tangu wakati huo, yeyote anayeuza prodyusa kwa ahadi kwamba lami, mkaa au majivu yake yatalipa gharama anapaswa kuulizwa: bei ya bidhaa hiyo ya pembeni ikianguka, gesi itasimama kwa miguu yake?

Tanuri lipi linaikubali

Matanuri ya kemikali hayafanani, na gesi hii haiyafai yote.

Kundi la kwanza ni matanuri ya kuokea: chokaa, magneza, trona, udongo wa viwandani. Joto lake ni la chini au la wastani, na mwali wa gesi ya prodyusa, mrefu na mpole, huyafaa sana. Chokaa iliyochomwa kwa mwali mkali huungua juu na kuwa nzito, isiyopokea maji vizuri. Mwali mpole huiacha ikiwa laini na yenye kuchangamka. Tena gesi haiachi majivu ya makaa ndani ya chokaa. Tatizo ni salfa. Makaa yenye salfa hutoa gesi yenye haidrojeni salfaidi, na chokaa huinyonya salfa hiyo kwa pupa. Chokaa ya kusafishia maji au ya kiwanda cha sukari haiwezi kuvumilia hilo, kwa hiyo kuni, ambazo zina salfa kidogo sana, zina sifa hapa ambayo makaa mengi hayana.

Hata hivyo ndani ya kundi hili kuna mahali ambapo gesi hii ni kosa. Viwanda vya sukari na vya magadi ya Solvay havitaki chokaa peke yake. Huuhitaji pia moshi wa tanuri kwa ajili ya kaboni dayoksaidi iliyomo. Tanuri linalochanganya mawe na koki hutoa moshi wenye karibu asilimia 40 ya gesi hiyo. Ukichoma kwa gesi ya prodyusa, naitrojeni yote ya prodyusa huingia kwenye moshi na kuupunguzia nguvu. Pale moshi unapokuwa bidhaa, gesi dhaifu haifai.

Kundi la pili ni matanuri ya kuyeyushia: silikati, kioo, vigae vya rangi. Haya yanaikubali gesi ya prodyusa kwa sharti la vyumba vya kurudisha joto, na ndipo ilipotamba zaidi kihistoria. Lami iliyobaki kwenye gesi ya moto husaidia hapa: huungua kwa mwali mweupe unaong'aa, na mng'ao huo hupeleka joto kwenye kiyeyusho haraka kuliko mwali usioonekana wa gesi iliyooshwa.

Kundi la tatu ni matanuri yenye ukuta kati ya moto na bidhaa, kama yale yanayotengeneza salfeti ya sodiamu kwa chumvi na asidi. Moto haugusi kitu, kwa hiyo usafi wa gesi si hoja kubwa. Hoja ni joto lililo sawa kote, na gesi hulitoa vizuri kuliko makaa yanayotupwa kwa sepeto.

Saruji iko nje ya orodha. Majivu ya makaa huingia kwenye saruji na kuwa sehemu yake, kwa hiyo tanuri la saruji huchoma unga wa makaa moja kwa moja bila hasara. Kuyageuza kwanza kuwa gesi ni kulipa kwa usafi usiohitajika.

Mfano wa Finland

Mfano bora wa zama zetu uko kwenye viwanda vya karatasi vya nchi za kaskazini. Kiwanda kinachopika mbao kwa njia ya salfeti huzungusha chokaa: tope la chokaa iliyotumika hurudishwa kwenye tanuri refu linalozunguka, likachomwa upya. Tanuri hilo lilikuwa karibu mahali pekee katika kiwanda chote palipohitaji mafuta ya kununua, kwani mvuke na umeme vilitoka kwenye mabaki ya mbao zenyewe. Baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya miaka ya 1970, kiwanda cha Pietarsaari, Finland, kilifunga mwaka 1983 mtambo wa megawati 35 unaogeuza magome ya miti kuwa gesi ya tanuri la chokaa. Sweden na Ureno zikafuata. Mafuta yaliposhuka bei wazo likalala, kisha likaamka: Joutseno mwaka 2012 kwa megawati 48, na Äänekoski mwaka 2017 kwa megawati 87.

Mpango wao ni mwepesi kueleza. Magome hukaushwa kwanza kwa joto la ziada la kiwanda mpaka maji yabaki asilimia 15 hivi, kwa sababu magome mabichi hutoa gesi yenye mvuke mwingi na mwali usiofika joto la chokaa. Kisha hugeuzwa kuwa gesi kwenye kitanda cha mchanga unaozungushwa na hewa. Gesi haipozwi, haioshwi. Inapita kwenye bomba fupi lililojengewa matofali na kuingia kwenye bana ya tanuri ikiwa na mamia ya nyuzi. Lami iliyomo haijapata nafasi ya kuganda. Inaungua pamoja na gesi na kuwa nishati. Hakuna maji machafu, kwa kuwa hakuna maji.

Nao hulipa gharama. Sehemu ya majivu ya magome huingia kwenye chokaa, na kwa kuwa chokaa inazunguka, fosforasi na magnesi hujikusanya mzunguko baada ya mzunguko. Kiwanda hulazimika kutupa kiasi cha chokaa na kuweka mpya. Lakini gharama hiyo inajulikana, inapimwa, na inabaki ndani ya uzio wa kiwanda.

Mfano wa Morbi

Morbi, katika jimbo la Gujarat, India, ni mji wa vigae vya sakafu. Mamia ya viwanda vyake vilifunga prodyusa ndogo za makaa, kila kimoja na yake. Vigae vyenye rangi na bana nyembamba vilihitaji gesi safi, kwa hiyo gesi ilipozwa na kuoshwa. Kuosha gesi ya makaa kunahamisha tatizo tu: lami na fenoli huondoka kwenye gesi na kuingia majini. Maji hayo yana sumu kali na kuyasafisha ni ghali. Kiwanda kidogo kinachokimbizana na bei ya jirani yake hakikuwa na sababu ya kuyasafisha kama hakuna anayekikagua, na uchafu ukaishia kwenye ardhi na mifereji. Mnamo Machi 2019 mahakama ya mazingira ya India, National Green Tribunal, iliamuru viwanda vyote vinavyotumia gesi ya makaa Morbi vifunge mitambo hiyo, na vikahamia kwenye gesi asilia ya bomba. Julai mwaka huohuo China ilitoa mpango wa kuondoa, katika maeneo yake yenye hewa chafu zaidi, prodyusa za makaa zenye kipenyo cha chini ya mita tatu, na kuyataka maeneo ya viwanda yasiyo na gesi asilia yajenge kituo kimoja cha pamoja badala ya mitambo midogo iliyotapakaa.

Pietarsaari na Morbi zilitumia kemia moja. Kilichotofautiana ni kwamba Finland ilibuni tanuri linaloweza kula lami, na Morbi ilibuni mtambo unaoitema lami na kumwachia mtu mwingine.

Sumu isiyo na harufu

Robo ya gesi hii ni kaboni monoksaidi, na hakuna uchambuzi wa haki unaoweza kulipita hilo kwa sentensi moja. Hewa yenye asilimia 0.3 ya sumu hiyo huweza kuua ndani ya saa moja hivi. Ikizidi asilimia 1, ni suala la dakika. Kwa hiyo sehemu moja ya gesi ya prodyusa kwenye sehemu 80 za hewa ya chumba inatosha kuua. Gesi ghafi angalau hunuka lami. Gesi iliyooshwa vizuri hupoteza harufu hiyo, yaani usafishaji unaoipendeza bana huondoa pia onyo ambalo mfanyakazi alikuwa nalo.

Hatari ya pili ni mlipuko, na katika mazingira yetu ina jina la kawaida: umeme kukatika. Feni ikisimama ghafla, gesi hurudi nyuma kwenye bomba la hewa, ikachanganyika humo. Umeme ukirudi na feni ikawashwa bila kusafisha bomba, mchanganyiko huo husukumwa kwenye makaa mekundu. Kinga zake zinajulikana tangu zamani: vali zinazofunga zenyewe, vifuniko vya kupunguza msukumo, mvuke wa kufukuza gesi kabla ya kuwasha, bomba la kuchomea gesi nje wakati wa kuanzisha, na jenereta ya akiba kwa ajili ya feni. Siku hizi inaongezwa mashine ya kupima kaboni monoksaidi, moja ukutani na nyingine kifuani pa kila fundi. Prodyusa isijengwe chumbani. Ijengwe chini ya paa lisilo na kuta.

Hesabu ya Afrika Mashariki

Dar es Salaam na ukanda wa Mtwara havina sababu ya kuitazama gesi hii. Gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikifika viwandani tangu 2004, na bomba la kutoka Mtwara limeongeza uwezo tangu 2015. Panapofika bomba, gesi dhaifu haina hoja. Swali ni la kweli kwa Iringa, Mbeya, Kagera, kwa Kenya, Uganda na Rwanda, ambako tanuri huchagua kati ya mafuta mazito, makaa na kuni.

Lita moja ya mafuta mazito ina megajuli 38 hivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka hewani ina 15, na prodyusa ikifikisha robo tatu yake, lita moja huchukuliwa nafasi na kilo tatu na nusu za kuni, au kilo mbili za makaa ya mawe mazuri. Hiyo ndiyo mizani: kilo tatu na nusu zilizokatwa, zilizokaushwa na kufikishwa kiwandani, ukijumlisha mishahara, matengenezo na siku za kusimama, je, zinagharimu chini ya lita moja?

Ukubwa nao una neno. Tanuri la chokaa la tani 50 kwa siku, likitumia megajuli 4.5 kwa kila kilo, litakula tani 20 za kuni kavu kila siku, zaidi ya tani 6,000 kwa mwaka. Kuni hizo zikitoka kwenye miombo inayokua polepole, tumebadilisha deni la dola kuwa deni la msitu. Pwani yetu inalijua deni hilo, maana chokaa ya matumbawe imechomwa kwa magogo vizazi vingi. Mkaa nao si jibu. Kweli hutoa gesi safi isiyo na lami, lakini zaidi ya nusu ya nishati ya mti imeshapotea kwenye tanuri la udongo porini.

Yanabaki mabaki, na kila baki lina tabia yake. Magome na maranda ya viwanda vya mbao vinavyozunguka Shamba la Miti la Sao Hill, Mufindi, yanafanana zaidi na yale ya Finland, na yamekusanyika mahali pamoja. Pumba za mpunga ni nyingi Mbeya na Mwea, ila karibu moja ya tano yake ni majivu ya silika, na prodyusa iliyobuniwa kwa kuni husongwa nayo. Maganda ya korosho yana mafuta yanayobabua ngozi na kula vyuma. Mabaki ya mkonge yamejaa maji. Hayo ni ya biogesi, si ya prodyusa. Mti wa mathenge, ulioteka ardhi ya wafugaji Baringo na Tana River, Kenya, una mbao nzito zinazofaa, lakini umetawanyika, na gharama ya kuukata na kuusafirisha ndiyo itakayoamua.

Makaa ya mawe ya Ruvuma yanaweza kupimwa pia, na kiwanda kitakachoyachagua lazima kijue kwamba kinabeba salfa, fenoli na mzigo kamili wa hewa ukaa. Kwa tanuri la chokaa sioni sababu ya kuyapa nafasi ya kwanza mahali penye mabaki ya mbao.

Masharti

Kutokana na yote haya, masharti yanajipanga yenyewe. Tanuri liwe la joto la wastani, au liwe na vyumba vya kurudisha joto. Lifanye kazi mfululizo, maana prodyusa inayowashwa na kuzimwa kila siku hutoa lami nyingi na hatari nyingi. Gesi iungue ikiwa moto, hatua chache kutoka ilipozaliwa. Mabaki yawe ya kiwanda chenyewe au ya jirani mwenye mkataba, yenye pa kukaushia. Fundi wa prodyusa awe mtu aliyefundishwa na kulipwa kama fundi, kwa sababu yeye ndiye anayesoma rangi ya makaa na unene wa kitanda saa zote.

Wakaguzi nao wana kazi. Wale wa mazingira na wa usalama kazini wa Tanzania, na wenzao wa Kenya na Uganda, wasitoe kibali kwa prodyusa ya gesi baridi ya makaa bila kuona kwanza mpango na fedha za kusafisha maji ya lami, na wasikubali mtambo wowote usio na vipimo vya kaboni monoksaidi vinavyofanya kazi. Mashirika ya maendeleo yanayofadhili mitambo ya majaribio yaanze na tanuri moja la chokaa karibu na viwanda vya mbao, lenye joto lake, mabaki yake na mafundi wake, badala ya kugawa prodyusa ndogo kwa viwanda ishirini visivyofanana.

Gesi ya prodyusa haihitaji kuvumbuliwa upya. Kemia yake inajulikana tangu kabla ya Faraday kuihubiri London. Inachohitaji ni mwenye kiwanda atakayekubali kwamba akinunua prodyusa amenunua nusu ya tanuri, na kwamba lami, maji na sumu ya nusu hiyo ni vyake kama ilivyo chokaa anayoiuza. Asiyekuwa tayari kwa hilo abaki na mafuta yake, na majirani zake wabaki na maji yao.